Habari za Maalim Seif Sharif Hamad, Mwalimu Aliyekuwa Mpinzani

Nawasalimu ninyi mlioko Lushoto mjini, na ninyi wa Soni, Mlalo, Mtae, Bumbuli na Vuga, na kila mtu aliyeketi leo kando ya redio ya jirani yake kwa kuwa betri za redio yake zimekwisha. Nasema pia na wanafunzi, ambao najua wameamriwa na walimu wao kusikiliza, na wale watakaoyasoma maneno haya baadaye katika kitabu.

Habari ninayotaka kuwaelezeni ilianza darasani mwangu, katika chuo cha ualimu. Siku moja nilikuwa nikifundisha mambo ya uraia, nikalitaja jina la Maalim Seif Sharif Hamad wa Pemba. Kijana mmoja akainua mkono, akasema, “Mwalimu, mtu huyu aligombea urais wa Zanzibar mara sita, wala hakuupata hata mara moja. Mbona twamsoma? Sisi mtu akianguka mtihani mara sita, jina lake halibandikwi ukutani.” Darasa zima likacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini jibu sikuwa nalo tayari, nikamwambia angoje. Mazungumzo ya leo ndiyo jibu langu kwake.

Mtu akishuka kutoka Lushoto kwa njia ile ya makona mengi hata Mombo, kisha akafuata njia ya Korogwe na Muheza, hufika Tanga. Akisimama pale pwani na kuelekeza uso mashariki, ng’ambo ya mkondo wa bahari ndiko kiliko kisiwa cha Pemba. Wengi wetu huku milimani twaijua Pemba kwa karafuu tu. Pemba na Unguja ndivyo visiwa vikubwa viwili vya Zanzibar, na Zanzibar iliungana na Tanganyika tarehe 26 Aprili 1964. Walakini hata baada ya kuungana, Zanzibar ilibaki na Rais wake, na serikali yake, na baadaye Baraza lake la Wawakilishi, kwa mambo yote yasiyo ya Muungano. Jambo hili sharti likumbukwe, maana pasipo hilo habari ya leo haifahamiki.

Mambo ya namna hiyo yako hata mbali. Katika nchi ya Kanada kila jimbo lina bunge lake na waziri wake mkuu, mbali na lile bunge kubwa la nchi nzima lililoko Ottawa. Tena katika mabunge yale ya majimbo yuko mtu aitwaye Kiongozi wa Upinzani. Huketi kuelekeana na waziri mkuu, na mshahara wake hutoka katika hazina ya serikali ile ile ambayo kazi yake yeye ni kuyatangaza makosa yake. Msicheke. Nitalirudia jambo hili, kwa kuwa Zanzibar nayo ilipata kufanya jambo la namna hiyo, tena kubwa zaidi.

Seif Sharif Hamad alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1943 huko Mtambwe, Pemba. Alisoma kwanza Pemba, kisha akavuka kwenda Unguja, katika shule ya sekondari iliyoitwa kwa jina la Mfalme George wa Sita, ambayo siku hizi yaitwa Lumumba. Alikuwa kijana wa miaka ishirini tu yalipotokea Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Walimu wengi wa Kiingereza wakaondoka, shule zikabaki hazina wa kufundisha, na vijana waliokuwa wakitumaini kwenda chuo kikuu wakaambiwa waipokee chaki. Seif alikuwa mmoja wao. Akafundisha Unguja na Pemba hata mwaka wa 1972, ndipo alipopata nafasi ya kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akasoma elimu ya siasa na utawala, akamaliza mwaka wa 1975.

Huko darasani ndiko lilikotoka jina la Maalim, maana yake mwalimu, wala jina hilo halikumtoka tena. Alipokuwa waziri aliitwa Maalim, alipokuwa kizuizini aliitwa Maalim, na alipokuwa Makamu wa Rais watu hawakulisahau. Nakiri ya kuwa mimi, kwa kuwa ni mwalimu, jambo hili hunipendeza kuliko ipasavyo.

Mwaka wa 1977 vyama viwili, TANU cha Bara na Afro-Shirazi cha Zanzibar, viliungana vikawa Chama cha Mapinduzi. Mwaka ule ule Maalim Seif akawa Waziri wa Elimu wa Zanzibar, akashika kazi hiyo hata mwaka wa 1980. Mwanzoni mwa mwaka wa 1984 kulikuwa na mashindano makali juu ya habari za Muungano, Rais Aboud Jumbe akajiuzulu, na Ali Hassan Mwinyi akashika mahali pake. Ndipo Maalim Seif akafanywa Waziri Kiongozi, yaani mkuu wa mawaziri wote wa Zanzibar, naye alikuwa na umri wa miaka arobaini tu. Katika siku zile Zanzibar ilipata katiba mpya iliyoandika haki za raia, na biashara ikafunguliwa, wafanyabiashara wakaruhusiwa kuleta bidhaa kutoka nje, maduka yaliyokuwa matupu yakaanza kuwa na nguo na chakula.

Mtu aliyepanda upesi namna hiyo hapati marafiki peke yake. Mwezi wa Januari mwaka wa 1988 Rais Idris Abdul Wakil alilivunja baraza la mawaziri, na lilipoundwa jingine Maalim Seif hakuwamo. Mwezi wa Mei mwaka ule akafukuzwa katika chama pamoja na wenzake. Mwezi wa Mei mwaka wa 1989 akakamatwa, akashtakiwa kwamba anazo karatasi za siri za serikali, akakaa kizuizini hata Novemba 1991. Hiyo ni yapata miaka miwili na nusu.

Angalieni sana jambo hili, ninyi vijana mliozaliwa katika zama za vyama vingi. Zamani zile nchi nzima ilikuwa na chama kimoja tu. Mtu aliyefukuzwa chamani hakuwa na chama kingine cha kuingia. Alikuwa kama mtu aliyefukuzwa kijijini na vijiji vingine havijajengwa bado.

Vilijengwa mwaka wa 1992. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikuwa imezunguka nchi nzima ikiwauliza watu, na wengi zaidi wakajibu kwamba afadhali kubaki na chama kimoja. Hata hivyo tume ikashauri vyama vingi viruhusiwe, na sheria ikabadilishwa. Maalim Seif na wenzake wa Visiwani wakaungana na wenzao wa Bara, wakaanzisha Chama cha Wananchi, kijulikanacho kwa kifupi CUF, naye akaja kuwa Katibu Mkuu wake kwa miaka mingi.

Hapa sina budi kusimama kidogo nirudi kwetu milimani, niwaulize kwa nini watu wengi hivyo waliviogopa vyama vingi. Nadhani Mshambaa hahitaji kuambiwa sana. Wazee wetu husema habari ya kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme wa Vuga akiwa na nguvu pasipo mshindani, walisema, mvua hunyesha na migomba huzaa. Lakini wenye nguvu wawili wakisimama kuelekeana, nguvu kwa nguvu, kila mmoja akiizuia mvua ya mwenzake, ndipo njaa huingia nyumbani. Wala hawakuyaota maneno hayo. Kimweri ye Nyumbai alipokufa mwaka wa 1862, Wakilindi wakapigana wao kwa wao miaka mingi, Semboja akikaa Mazinde kwenye njia ya biashara, bunduki zikaongezeka, na watu wanyonge wakakamatwa na kuuzwa utumwani. Basi mtu aliyelelewa na habari hizo akisikia neno upinzani, moyo wake huona njaa.

Walakini milima hii hii inayo habari ya pili. Mwaka wa 1946 serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wa Mlalo wa kuuzuia udongo usichukuliwe na maji, na watu wakalazimishwa kulima matuta katika miteremko. Aliyekataa alipelekwa barazani akatozwa faini. Bibi yangu mzaa mama aliyalima matuta yale kwa shingo upande, na mpaka uzee wake akiyataja alitema mate. Udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli, wala sikatai, lakini kazi ile iliwaelemea wanawake wenye majembe, na wenye mashamba madogo hawakuona faida yake. Watu wakakataa, wakakataa tena, hata miaka ya 1950 ilipokuwa ikielekea kwisha mpango ule ukaachwa. Je, waliokataa walikuwa wakiiharibu nchi? Swali hilo liwekeni akilini tukiendelea na Maalim Seif.

Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar ulifanyika mwezi wa Oktoba mwaka wa 1995. Dakta Salmin Amour wa Chama cha Mapinduzi akatangazwa kuwa amepata kura 165,271, na Maalim Seif kura 163,706. Wanafunzi, chukueni kalamu mtoe. Inabaki 1,565. Watu hao waenea katika soko moja siku ya gulio! Katika viti hamsini vya kuchaguliwa vya Baraza la Wawakilishi, chama kimoja kilipata 26 na kingine 24, na viti vyote 21 vya Pemba vilikwenda kwa chama cha Maalim. Watazamaji waliotoka nchi za nje wakasema kwamba hesabu zina kasoro. Chama cha Wananchi kikakataa kumtambua Rais, na wawakilishi wake wakasusia vikao vya Baraza.

Juu ya kususia huko nitasema wazi niyaonayo. Walikuwa na haki ya kukasirika, lakini naona walikosea. Mkulima wa karafuu wa Pemba aliyemchagua mwakilishi wake akamwone akisema barazani, kwa muda wa miaka mitatu na zaidi hakuwa na wa kumsemea bei ya karafuu wala hali ya shule. Serikali nayo haikuwa mpole. Watu kumi na wanane wa chama kile walishtakiwa uhaini, wakakaa gerezani hata Novemba 2000. Chifu Emeka Anyaoku wa Nigeria, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Madola, akasaidia kuwapatanisha, na mapatano yakatiwa sahihi mwezi wa Juni mwaka wa 1999. Lakini mengi yaliyoandikwa hayakutendwa.

Uchaguzi wa Oktoba 2000 ukaharibika, ukabidi kurudiwa katika majimbo kumi na sita, na Chama cha Wananchi kikasusia marudio hayo. Amani Abeid Karume, mwana wa Rais wa kwanza wa Zanzibar, akatangazwa mshindi kwa kura 67 katika kila mia. Ndipo yakaja yale ya Januari 2001. Tarehe 26 na 27 wafuasi wa chama kile walifanya maandamano yaliyokatazwa na serikali, na askari wakawapiga risasi, zaidi ya yote huko Pemba. Tume ya serikali yenyewe iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu watu 31 waliokufa. Wengine walihesabu zaidi. Watu wapatao elfu mbili wakapanda vyombo wakakimbilia Shimoni, katika pwani ya Kenya. Tanzania, iliyozoea kuwapokea wakimbizi wa jirani zake, siku ile iliwatoa wakimbizi wake yenyewe.

Hiyo ndiyo nguvu kwa nguvu yenyewe, wasikilizaji wangu. Na hapo ndipo mtu aweza kupimwa. Kiongozi mwenye nusu ya nchi nyuma yake, naye amefungwa, amenyimwa, na watu wake wameuawa, aweza kuwaambia maneno mawili tu: endeleeni, au rudini. Maalim Seif alichagua kukaa mezani. Tarehe 10 Oktoba 2001 mapatano ya pili, ambayo watu waliyaita Muafaka, yakatiwa sahihi, Philip Mangula akisimama kwa Chama cha Mapinduzi na Maalim Seif kwa chama chake. Uchaguzi wa mwaka wa 2005 ukaja, akashindwa tena, safari hii Karume akipata kura 53 katika mia naye 46. Kwa mara nyingine akakataa kuyatambua matokeo, na mazungumzo yakaanza upya, yakavunjika, yakaanza tena.

Sasa nafika mahali ambapo kwangu mimi ndipo moyo wa habari hii ulipo. Tarehe 5 Novemba 2009 Maalim Seif alikwenda Ikulu ya Zanzibar akaonana na Rais Karume, yule yule ambaye tangu mwaka wa 2000 alikuwa hamtambui. Hakuletwa na mpatanishi kutoka ng’ambo. Walikuwa Wazanzibari wawili, wakazungumza mambo ya kwao. Siku chache baadaye akasimama mbele ya mkutano wa hadhara akawaambia watu wake kwamba chama chao sasa chamtambua Karume kuwa Rais. Wengi katika wafuasi wake hawakupendezwa na neno hilo, nao hawakuficha. Fikirini ugumu wake. Watu hao walikuwa wamezika ndugu zao, wamekaa miaka tisa wakiambiwa kwamba mtu yule si Rais, na sasa aliyewaambia hivyo ndiye awaambiaye kinyume. Kuwakabili adui zako kwahitaji ujasiri, lakini kuwakabili wakupendao ukawaambia wasilopenda, huo ni ujasiri wa namna nyingine, nami katika maisha yangu nimeuona kwa watu wachache sana.

Mapatano hayo watu waliyaita Maridhiano. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wa Zanzibar waliulizwa kwa kura kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, na watu 66 katika mia wakajibu ndiyo. Katiba ikabadilishwa, ikaandikwa kwamba chama kitakachofuata mshindi kitatoa Makamu wa Kwanza wa Rais, na uwaziri utagawanywa kwa kadiri ya viti vya kila chama. Mwaziona tofauti na yale ya Kanada? Kule mpinzani huketi ng’ambo ya meza akalipwa mshahara. Hapa mpinzani alivutwa akaketi upande ule ule wa meza.

Uchaguzi wa Oktoba 2010 ukawa mtihani wa kwanza wa jambo hilo. Dakta Ali Mohamed Shein akapata kura 179,809, Maalim Seif 176,338. Toeni tena: 3,471. Kwa mara ya pili maishani mwake alikuwa ameukosa urais kwa pungufu ya kura mbili katika kila mia. Lakini safari hii alikubali, akampongeza mwenziwe, na Pemba haikulia. Akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, akakaa miaka mitano.

Sitaki mdhani kwamba nayasifu yote. Serikali ya umoja inayo shida yake, na mwanafunzi wangu mwingine aliieleza vizuri kuliko mimi: kama mlinzi wa shamba na mwenye kuiba mahindi wamekaa kula sahani moja, nani atapiga kelele usiku? Sisemi kwamba yuko aliyeiba. Nasema kwamba kazi ya mpinzani ni kupiga kelele, na mdomo wenye chakula haupigi kelele nyingi. Hata katika miaka ile mitano wako waliolalamika kuwa sauti ya upinzani barazani imefifia. Hata hivyo, nikiulizwa nichague kati ya mnong’ono barazani na kilio Shimoni, sitakawia kuchagua.

Tarehe 25 Oktoba 2015 Zanzibar ikapiga kura tena. Siku iliyofuata, kabla Tume haijamaliza kutangaza, Maalim Seif alisimama mbele ya waandishi akasema kwamba kwa hesabu alizokusanya chama chake ndicho kilichoshinda. Naona hilo lilikuwa kosa, maana mchezaji hapulizi filimbi. Lakini kilichofuata kilikuwa kizito kupita hicho. Tarehe 28 Oktoba Mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, akatangaza kwamba uchaguzi wote wa Zanzibar umefutwa. Kura za Rais wa Muungano, zilizopigwa siku ile ile na watu wale wale katika vituo vile vile, zikakubaliwa. Mimi nimejaribu mara nyingi kulifafanua jambo hili darasani, na kila mara ninapofika hapo huona wanafunzi wakitazamana.

Uchaguzi ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016. Chama cha Wananchi kikasusia, na Dakta Shein akapata kura 91 katika kila mia. Watu wengi, ndani ya nchi na nje, waliogopa kwamba ya mwaka 2001 yatarudi. Maalim Seif akawaambia watu wake watulie. Hakupata malipo yoyote kwa kusema hivyo. Akatoka serikalini, na Baraza likabaki karibu lote la chama kimoja, na juu ya hayo nyumba yake mwenyewe ikapasuka: yeye na Profesa Ibrahim Lipumba, aliyekuwa mwenyekiti wa chama, wakashindana juu ya nani mwenye chama, shauri likaenda mahakamani. Mwezi wa Machi mwaka wa 2019 Mahakama Kuu ikampa haki Profesa. Siku ile ile Maalim Seif akahamia chama cha ACT-Wazalendo, na wafuasi wake wengi nyuma yake, wakiimba msemo wa mabaharia wa “shusha tanga, pandisha tanga.” Alikuwa na umri wa miaka 75. Wengi wetu katika umri huo hata kuhama chumba hatutaki.

Akagombea kwa mara ya sita tarehe 28 Oktoba 2020. Yeye mwenyewe alikamatwa na polisi katika siku zile za uchaguzi, na huko Pemba watu walikufa. Dakta Hussein Ali Mwinyi, mwana wa yule Rais aliyemfanya Maalim Seif kuwa Waziri Kiongozi mwaka wa 1984, akatangazwa kuwa amepata kura 76 katika mia, na Maalim Seif hazikufika 20. Chama chake kikayakataa matokeo.

Basi likarudi lile swali la zamani: kuingia au kukaa nje? Katiba ilimpa chama chake nafasi ya Makamu wa Kwanza. Wako waliosema kwamba kuingia ni kukanyaga damu ya waliokufa wiki chache zilizopita. Wako waliosema kwamba kukaa nje ni kuwaacha walio hai bila mtu. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2020 akaingia, akaapishwa mbele ya mtoto wa bwana wake wa zamani. Niliisikia habari hiyo nikiwa safarini katika basi la Mombo, na abiria wawili mbele yangu wakagombana juu yake mpaka Soni, mmoja akimwita msaliti na mwingine mzazi. Dereva akawaambia wanyamaze au washuke, kwa maana njia ile haitaki kelele.

Hakukaa sana katika kiti hicho. Mwishoni mwa Januari 2021 chama chake kilitangaza kwamba yeye ameshikwa na ugonjwa wa Korona, katika siku ambazo wakubwa wengi wa nchi hawakupenda ugonjwa huo utajwe. Tarehe 17 Februari 2021 akafa katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 77. Rais Mwinyi ndiye aliyewatangazia watu msiba huo, akaamuru siku saba za maombolezo. Akazikwa kwao Mtambwe, Pemba. Mwezi wa Machi Othman Masoud Othman wa chama chake akaapishwa kushika nafasi ile ya Makamu wa Kwanza.

Nilimsomea kijana wangu maneno haya kabla sijayaleta kwenu. Akasikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya kidogo, kisha akainua mkono tena: “Je, Mwalimu, kama zile kura 1,565 zingekuwa upande wake, angekuwa Rais mwema?” Nikamwambia kwamba swali hilo hapana mwalimu awezaye kulisahihisha, na kengele ikalia, tukatoka.

Kwa herini, wasikilizaji wangu.